Stakabadhi ya Somoe

Kuanzia Oktoba mimi ni mtu wa mizani.
Gunia linapanda, mshale unatetemeka, unatulia,
natangaza: themanini na mbili!
na mkulima anairudia kimoyomoyo kama dua
mpaka nimkabidhi karatasi yake ya waridi.
Hapa Mahuta hakuna anayeacha korosho ghalani
kwa mdomo mtupu. Hata shemeji yangu haniamini.

Jana usiku umeme ulikatika.
Nikakukuta jikoni, Somoe, unabangua kwa mwanga wa simu
zile za daraja la pili tulizobakiza kwa ajili ya nyumba,
vidole vimeliwa na mafuta ya maganda,
vyeusi kama vya fundi baiskeli.
Ukanisogezea kibakuli bila kuinua macho.
Nikatafuna. Nikasema:
"Chumvi imepungua."

Miaka kumi na tisa,
chumvi imepungua.

Kwetu asante ilikuwa ya wageni.
Baba alimaliza ming'oko ya mama, akapangusa mdomo, akatoka,
na huko kutoka ndiko kulikuwa kushukuru;
mama aliusoma mgongo wake hadi ukapotea njiani.
Wangu mimi sidhani kama unasomeka.

Leo mchana, foleni ilipokatika,
nilifungua kitabu cha stakabadhi, nikakifunga.
Kina namba zinazofuatana. Mkaguzi angeuliza
moja imekwenda wapi, ningemjibu nini?
Nikachana jalada la daftari la mwaka juzi, nikaandika:

*Mimi, karani, nimepokea kutoka kwa Somoe binti Chinduli*

*ndoo za maji, za miaka ile bomba lilikuwa hadithi,*
*ulipoteremka bondeni gizani, ukapanda jua limekomaa,*
*na kata ya kwanza ukaninawisha mimi.*
*Hazikupimwa.*

*Kitenge kimoja, maua ya njano,*
*kilichouzwa kwa Bi Atwae ulipojua nadaiwa,*
*nami nikajidai sikuliona pengo kabatini.*
*Daraja la kwanza.*

*Ukimya mmoja,*
*msimu ule magunia sita yalipokosekana kwenye hesabu*
*na kaka zangu wenyewe wakanitazama kama mwizi.*
*Ulikaa ubavuni kwangu, ukachambua mchele,*
*hukuinuka mpaka wao walipoinuka.*
*Unyevu: sifuri.*
*Machozi uliyapeleka shambani. Uliporudi niliyaona,*
*sikuuliza.*

Hapo wino ukaanza kukwaruza,
na nje mtu akapiga hodi na magunia yake.
Nikaikunja. Jioni nikaitia chini ya kopo la sukari.

Ukaisoma umesimama,
kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza.
Mimi nilikuwa natengeneza redio isiyo na ubovu.
"Makato yako wapi?" ukauliza.
"Karatasi zenu hazikosi makato."
Nikasema hii haina.
"Basi ni ya uongo."
Lakini hukuirudisha.

Ukaomba kalamu. Ukaigeuza nyuma
ukaandika polepole, mgongo umenipa,
muda mrefu kiasi cha ugali kuungua,
na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeujali ugali.

*Nimepokea bawaba ya mlango wa choo,*
*imekazwa baada ya kuombwa mara nne.*

*Nimepokea mgongo,*
*usiku ule Twalibu aliposhikwa na degedege*
*ukambeba hadi zahanati na kiatu cha mguu mmoja.*
*Nilikuwa nyuma yako njia nzima.*
*Niliusoma.*

Na chini kabisa, pembeni mwa alama nyeusi
ya dole gumba lililogoma kutakata:

*Chumvi ilitosha.*
*Una mafua.*